Samaki Niliyemrudisha Ziwani

Wako watu wavuao samaki ili wapate kula, na wako wavuao ili kuburudisha moyo tu. Mimi nimo katika kundi la pili. Kazi yangu ni ualimu hapa Butembo. Sina mtumbwi wala wavu, ila ufito, uzi, ndoana na uvumilivu kidogo. Lakini siku moja mtoto aliniuliza swali ukingoni mwa Ziwa Edward, na tangu siku hiyo sivui tena kama nilivyokuwa nikivua.

Kwanza niwaeleze tamaa hiyo niliipata wapi. Katika magazeti niliona picha za wavuvi wa Marekani katika Ziwa Michigan, ambamo samaki waitwao samoni walitiwa mwaka 1966. Nikasoma pia habari za trauti, samaki wa maji baridi, walioletwa kutoka Ulaya mwaka 1905 na kutiwa katika mito ya milima ya Kenya. Wavuvi wa namna hiyo hulipia ruhusa, huvua kwa ndoana, na samaki asiyefikia kipimo humrudisha majini akiwa hai. Jambo hilo lilinipendeza mno. Nikasema moyoni, huu ndio ustaarabu.

Basi, wakati wa likizo, nilishuka kwa njia ya Kyondo mpaka Kyavinyonge. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 900 na kitu. Asubuhi nilivaa koti, adhuhuri jasho lilinitiririka. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,300, nasi twaligawana na wenzetu wa Uganda. Trauti na samoni hawamo, maana maji yake ni ya uvuguvugu. Hata sangara, aliye katika Ziwa Albert, hayumo, kwa kuwa maporomoko ya mto Semliki humzuia. Samaki apendwaye kuliko wote ni tilapia, ambaye wengine humwita ngege. Na uvuvi wa huko si jambo la jana: pale Ishango, Semliki inapotoka ziwani, mtaalamu Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 vyusa vya mfupa vya watu waliovua yapata miaka 20,000 iliyopita.

Mzee mmoja mvuvi alinionyesha mahali pasipopita viboko, nikaketi karibu na matete. Baada ya saa nzima uzi ulivutwa. Nikatoa tilapia asiyezidi kiganja changu. Nilimfungua ndoana taratibu, nikamwachia majini, nikajiona mtu mwema.

Nyuma yangu nikasikia sauti: «Baba, mbona umetupa chakula?»

Nikageuka. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, mikono mitupu. Nikamjibu kwa sauti ya darasani: «Mwanangu, huyu ni mdogo. Tumwache akue.»

Akanitazama bila ufidhuli wowote, akasema: «Hata mimi ni mdogo, na leo sijala.»

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo nimeifundisha mara nyingi ubaoni, lakini siku ile ndipo nilipoielewa. Sikuwa na jibu.

Yule mzee, aliyekuwa akitengeneza wavu wake, alitusikia. «Mwalimu,» akasema, «usimkasirikie mtoto. Babaye alirudi alfajiri na kapu tupu.» Kisha akatueleza sote wawili. Tilapia jike huyabeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama. Wakisha kukua kidogo hukaa penye maji machache, kando ya matete. Avutaye wavu wa matundu madogo mahali hapo huchukua mama pamoja na watoto, na mwaka ujao atavuta maji matupu.

Tena akasema kwamba zamani viboko walijaa ziwani, na mavi yao yalirutubisha maji wanamopata chakula samaki. Maneno yake ni ya kweli. Katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, viboko walikuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970; katika hesabu ya mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Vita hivyohivyo vilisukuma watu wengi kukimbilia ufukweni, na mitumbwi ikazidi. Hivyo kapu la babaye yule mtoto halikuwa tupu kwa uvivu wake.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kumrudisha samaki mdogo si kosa. Ni lazima, la sivyo ziwa litakufa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba wema huo haunigharimu kitu, kumbe gharama yake yalipwa na mwingine. Mimi nilikuwa na viazi na maharagwe yakiningoja. Yeye alimngoja samaki yule yule.

Nilivua mpaka jua likaelekea kutua, nikapata wawili wakubwa. Nikampa mtoto wote wawili. Sikujiona mwema tena. Nilijiona nimelipa deni.

Tangu siku hiyo nina desturi moja: mdogo hurudi majini, mkubwa huenda kwa jirani wa ufukweni asiye na kitu. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kumwachia samaki mchanga. Lakini kabla hamjamfundisha mtoto wa mwenzenu kungoja, mwulizeni kwanza kama amekula.