Chenji za Ughaibuni

Mtu akirudi nyumbani baada ya kukaa nje, noti zake huzibadilisha ndani ya siku chache. Sarafu hubaki. Hutiwa kwenye kikombe juu ya kabati, zikachanganyika na vifungo na funguo ambazo hakuna tena anayejua ni za mlango gani, na miaka ikapita. Nimeishi London, kisha Hamburg. Nina ndugu Muscat, na njia ya Nairobi naijua vizuri. Kote huko nimekuwa nikiandika daftarini yanayozipata sarafu mgeni anapoondoka. Nayaweka hapa mahali kwa mahali, kwa faida ya anayerudi na anayejiandaa kwenda.

Dar es Salaam

Kwenye maduka ya kubadilishia fedha jibu ni moja: sarafu hatuchukui. Wengi hukasirika, lakini mwenye duka ana hoja. Sarafu ya pauni moja ya Uingereza ina uzito wa gramu 8.75. Pauni 100 za sarafu zinakaribia kilo moja, na za noti ni karatasi mbili za hamsini. Akizipokea, itabidi azisafirishe mpaka kwenye benki ya Uingereza, na nauli ya mzigo itakula faida yote. Dukani nako huwezi kulipia, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Sarafu iliyoshuka kwenye ndege pamoja nawe, hapa ni chuma tu.

Namanga

Mpakani mambo ni tofauti. Anayevuka asubuhi hurudi jioni, na sarafu ya Kenya aliyorudi nayo kesho itavuka tena kununua chai upande wa pili. Kinachoipa uhai ni hiyo njia ya kurudi kwao. Wazee wa mpakani wanaukumbuka wakati ambapo kuvuka na sarafu hakukuwa na mjadala wowote: mpaka 1966, nchi zetu zilipoanza kutoa kila moja fedha yake, shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilinunua mkate Mombasa, Kampala na Dar es Salaam bila kubadilishwa.

London

Hapa ndipo sarafu hujaa haraka kuliko kwingine, na ndipo kwenye njia nyingi za kuzimaliza kabla ya safari. Kwanza zitenge. Peni moja ina gramu 3.56 na peni mbili ina gramu 7.12, mara mbili kamili, kwa hiyo sarafu nyekundu zote unaweza kuzipima pamoja: kila gramu 356 ni pauni moja. Mzani wa jikoni unatosha. Kilo nzima, mzigo wa kuchosha mkono, ni pauni mbili na peni 81. Sarafu nyeupe za peni tano na kumi nazo zina uwiano huohuo, ila gramu 65 tu zinatosha kufanya pauni. Ukilipima kopo lako namna hii, utajua la kubeba na la kuacha.

Benki huko hupokea sarafu zilizofungwa kwenye vifuko vyao vya plastiki, kila aina na kiasi chake: nyekundu za pauni moja, peni tano na kumi za pauni tano, peni 20 na 50 za pauni kumi, sarafu za pauni moja na mbili za pauni 20. Mashine za kuhesabia zilizopo kwenye supamaketi ni za haraka, lakini hukata ada. Mimi hupenda kaunta za kujihudumia zinazopokea sarafu: unamimina chenji kwanza, kisha kilichopungua unalipa kwa kadi. Mabasi usiyategemee, yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014.

Sarafu ya zamani ya pauni moja, ile ya mviringo, iliacha kuwa halali madukani tarehe 15 Oktoba 2017. Dukani itakataliwa, lakini mwenye akaunti ya benki huko bado anaweza kuiweka. Kwa hiyo mpe ndugu aliyebaki.

Hamburg

Yuro imepunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Sarafu niliyopewa kwa muuza mkate Hamburg naitumia Lisbon au Helsinki, hata kama mgongoni ina tai wa Ujerumani.

Lakini kilichonifunza zaidi ni marki, fedha ya Ujerumani ya kabla ya yuro. Bundesbank, Benki Kuu ya Ujerumani, inaibadilisha mpaka leo, noti na sarafu, bila ada na bila ukomo wa muda, kwa kiwango kilekile: marki 1.95583 kwa yuro moja. Niliiangalia kwa karibu ile ya pfenigi 50: mwanamke amepiga goti, anapanda mche wa mwaloni. Haijanunua kitu dukani kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado serikali inailipa. Ufaransa ilifunga dirisha la sarafu za faranga Februari 2005, na la noti Februari 2012.

Suala la marki linawahusu hasa Wazanzibari. Wako waliosoma Ujerumani Mashariki tangu miaka ya 1960, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikisaidia kujenga nyumba za ghorofa Unguja. Marki zao za Mashariki, sarafu za alumini nyepesi kama kifuniko cha chupa, hazibadilishwi tena, kwani fedha ile iliondolewa Ujerumani mbili zilipounganisha fedha Julai 1990. Aliyerudi na marki za Magharibi bado anadai. Aliyerudi na za Mashariki amebaki na ukumbusho.

Muscat

Rial ya Oman ina baisa 1,000 na ni sawa na takriban dola 2.60. Sarafu kubwa ninayoiona kwenye chenji ni ya baisa 50, yaani kama senti 13 za dola. Ukirudi nazo kiganja kizima hujapoteza kitu. Uangalifu Oman ni kwenye noti: Januari 2024 Benki Kuu yao ilitangaza kwamba noti za matoleo ya zamani zingekoma kutumika mwisho wa Desemba mwaka huo. Wenye ndugu huko waliokuwa wamefungiwa akiba kwenye bahasha walipaswa kuzirudisha haraka.

Ninalolishika

Sarafu ni deni la nchi iliyoitoa, na kila nchi ina muda wake wa kulilipa. Kwa hiyo kazi hufanywa kabla ya kuondoka. Wiki ya mwisho lipa kwa sarafu kila unapoweza. Zinazobaki ziweke kwenye sanduku la hisani uwanja wa ndege, au ndani ya ndege. UNICEF imekuwa ikikusanya chenji za abiria kwa kushirikiana na mashirika ya ndege tangu 1987, na sarafu ambayo kwako haina kazi kwao inakwenda kwa mtoto.

Zilizokwisha kufika nyumbani zina mwenyewe mmoja wa haki: anayekwenda huko. Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Hamburg, nilimpa yuro zangu zote.

“Mjomba, hizi si kidogo sana?” aliuliza.

Nikamweleza kwamba toroli la supamaketi huko halifunguki bila sarafu, na kwamba mgeni aliyetua jioni ana noti kubwa tu mfukoni. Kijijini, chuoni, msikitini, kanisani, hakosekani anayesafiri mwaka huu. Mtafuteni, mpeni sarafu za nchi anayokwenda, na mwambieni kila moja inafanya kazi gani. Huyo ndiye anayeweza kuzirudisha zinakoheshimiwa bila gharama yoyote, na atashuka uwanjani akiwa na cha kuanzia.