Kioo cha Kompyuta Mbovu Chapata Kazi Masuguru

Masuguru iko Mkoa wa Tanga, upande wa Handeni na Korogwe. Ukiacha lami unaingia njia ya vumbi. Kulia ni mahindi, kushoto ni mahindi, na hapa na pale michungwa. Nilipofika, watu walikuwa wakikung'uta ufuta.

Mimi ni bwana shamba. Nilikwenda kutazama ghala, lakini wanakikundi walinipeleka kwanza kwa fundi redio. Kikundi chao huandika kilo za kila mkulima katika kompyuta ya mpakato. Kompyuta hiyo ilianguka, kioo kikapasuka. Iliwaka, lakini haikuonyesha kitu. Hesabu za msimu mzima zilikuwamo ndani, na mnunuzi alikuwa njiani.

Kioo kilichopasuka hakitengenezeki. Lakini fundi alikuwa na mpakato mwingine ulioungua, kioo chake kizima. "Bwana Shamba," aliniambia, "huyu kafa kiwiliwili, macho bado."

Alifungua skrubu, akakitoa kioo polepole. Nyuma yake pana namba. Namba hiyo ndiyo inayokuambia ununue bodi gani ndogo ya kukiongoza. Usinunue bodi kabla ya kuisoma! Waya wa kioo kimoja una pini 30, wa kingine pini 40, na havibadilishani. Bodi hupokea picha kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa HDMI. Nyingi hutumia umeme wa volti 12, sawa na betri ya sola. Kwa kijiji, hilo ni jambo kubwa.

Fundi alikifunga kioo katika fremu ya mbao. Si kizuri kutazama, lakini maandishi yalionekana. Mzee mmoja aliomba asomewe kilo zake mara mbili. Zilikuwa 214.

Sasa tahadhari. Vioo vya mpakato vya kabla ya mwaka 2009 hivi, vingi vina taa nyembamba ya mrija badala ya LED. Ndani ya mrija mna zebaki, nayo ni sumu. Taa hiyo huwashwa kwa umeme mkali wa mamia ya volti. Mwachie fundi. Mrija ukivunjika, toa watoto nje na ufungue madirisha. Wala usichome mabaki shambani. Moshi wake ni sumu, na risasi iliyo katika bodi hubaki kwenye udongo unaolima.

Huko Lomé, nchini Togo, mwaka 2013 vijana walitengeneza mashine ya kuchapa vitu kwa vipande vya kompyuta zilizotupwa. Sisi tuanze na kidogo. Kama una televisheni bapa isiyoshika tena stesheni, tazama nyuma yake. Ikiwa ina tundu la HDMI na kioo kinawaka, huhitaji bodi yoyote. Waya mmoja unatosha.