Mvinyo Ukingoni mwa Ngorongoro

Msafiri atokaye Karatu kwenda Ngorongoro, katika nchi jirani ya Tanzania, huiacha lami penye lango la Lodoare, akaanza kupanda ndani ya msitu mzito wenye ukungu. Kitambo si kirefu barabara hufika juu ya ukingo, miti ikaachana, na bonde lote likafunuka chini yake kwa ghafla: bakuli la kilomita za mraba zipatazo 260, lenye kina cha mita 600 hivi, na ziwa Magadi likimeta ndani yake kama sahani ya bati. Nyati huonekana kama punje za pilipili manga zilizomwagika mkekani. Juu ya ukingo huo, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ndipo hoteli zilipojengwa, na madirisha ya kumbi zao za chakula yameelekezwa shimoni.

Katika ukumbi wa namna hiyo mgeni huletewa orodha ya mvinyo wakati macho yake yangali nje. Hapo ndipo penye hatari. Mandhari ya Ngorongoro yaweza kuuza hata siki, na mwenye hoteli alijua hivyo alipochagua mahali pa kuweka meza.

Yafaa basi kuligeuzia dirisha mgongo kwa dakika tano na kuisoma orodha kama hati ya madai. Chupa ya kawaida ina mililita 750, nayo hutoa bilauri tano za mililita 150. Bei ya bilauri ikizidishwa mara tano na kulinganishwa na bei ya chupa, mgeni atajua kama anaulipia mvinyo au analilipia dirisha. Si jambo geni hoteli kuuza chupa kwa mara mbili au tatu ya bei iliyoinunulia, maana pana mishahara, usafiri na bilauri zivunjikazo. Lakini bilauri tatu zikigharimu sawa na chupa nzima, hapo pana ujanja. Tena yafaa kuuliza chupa ya kumiminia ilizibuliwa lini. Mvinyo uliokaa wazi siku nyingi huingiwa na hewa na kuanza safari ya kuwa siki, hata kama jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Baridi ya ukingoni ni kali usiku, na katika kumbi huwashwa moto wa kuni. Baridi hiyo ni neema kwa mvinyo mweupe, ila mwekundu ukinywewa baridi mno ukakasi wake huzidi na harufu yake hujificha. Mhudumu mwenye nia njema aweza kuzipanga chupa za mvinyo mwekundu karibu na moto, na joto likaupika mvinyo hata ladha ya tunda ikatoweka. Chupa yenye kizibo cha gome la mti hutaka kulazwa mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, kizibo kisije kikakauka. Mgeni atupaye jicho nyuma ya kaunta hujifunza mengi yasiyoandikwa.

Hayo yote ni mepesi. Swali zito ni hili: Dodoma iko wapi katika orodha? Katika orodha za hoteli za watalii mara nyingi hutangulia Afrika Kusini, zikafuata Italia na Ufaransa, kila chupa na jina la shamba lake, aina ya zabibu na mwaka wa mavuno. Dodoma, kama imo, huwekwa mwishoni kwa mstari mmoja: mvinyo wa kienyeji, mwekundu au mweupe. Nani aliutengeneza, kwa zabibu gani, mwaka gani, hakuna neno. Orodha ya namna hiyo imekwisha kuuhukumu mvinyo kabla mgeni hajauonja.

Mizabibu ya Dodoma ina historia yake. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda, na misheni ya Bihawana ndiyo itajwayo sana, wakitaka divai ya misa. Wagogo, waliozoea uwele, mtama na ng'ombe, wakajifunza kupogoa, na kilimo kikaenea katika vijiji kama Hombolo, Mbabala na Mpunguzi. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeipa jina lake zabibu nyekundu ya huko. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mti, mkulima huuamsha mwenyewe kwa kisu cha kupogolea, akavuna mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka wakati wa mvua, na tena mnamo Agosti na Septemba. Zabibu za kiangazi ndizo zisifiwazo zaidi, maana hazikunyeshewa zikiiva. Kwa mvinyo wa Dodoma, basi, mwaka peke yake hautoshi. Orodha ya haki ingetaja na msimu.

Wala zabibu si mtama wa kuwekwa ghalani. Ikiiva haingoji. Kiwanda cha umma kilichokuwa kikizinunua kilipofifia katika miaka ya 1990, wakulima walibaki na matunda yaliyokosa mnunuzi. Viwanda vingine vimeanzishwa tangu hapo, kikiwemo CETAWICO cha Hombolo, lakini kilio cha soko kimesikika tena na tena. Na soko mojawapo liko hapo ukingoni, kwa barabara ya Kondoa, Babati na Makuyuni, pasipo meli wala mpaka wa kuvuka.

Si kwamba kila mvinyo wa Dodoma ni mzuri. Upo uliotiwa utamu kupita kiasi, na upo ulioharakishwa. Lakini zabibu nyeupe iitwayo Chenin Blanc hulimwa Dodoma na hulimwa Rasi ya Tumaini Jema, na hoteli yenye ujasiri ingezimimina mbili hizo bega kwa bega, mgeni akaamua kwa ulimi wake.

(Dereva asionje. Barabara ya ukingoni ina kona, utelezi na nyati wasiojua taa. Yeye na watoto waagize maji ya matunda, na orodha isiyoyataja ni pungufu.)

Aliyekwisha kuisoma orodha hadi mwisho amwite mhudumu na kumwuliza kwa upole, "Kijana, huu wa Dodoma ni wa kiwanda gani?" Anayejua atajibu papo hapo. Asiyejua, lakini mwenye adabu ya kazi, atasema, "Subiri kidogo, mzee, nikuletee chupa uione," na atakwenda kuitafuta. Mara nyingi saa hiyo ukungu huwa umepanda kutoka bondeni, ziwa na nyati vimefunikwa, dirisha halionyeshi kitu ila taa ya mezani, na kilichobaki cha kupimwa ni mvinyo.