Nyumba Safi Katika Nchi ya Theluji

Mtu akisikia habari za nchi ambayo ardhi yake hufunikwa na theluji miezi mingi ya mwaka, huenda akadhani kwamba wenyeji wake hawana taabu ya uchafu. Theluji ni nyeupe, matope yameganda, vumbi halipeperuki, wala inzi haonekani. Wanawake wa Ufini wangecheka wakiambiwa hivyo. Nchi yao iko kaskazini ya Ulaya, baina ya Uswidi na Urusi. Upande wa kusini-magharibi kipupwe hudumu kama miezi mitatu, lakini Lapland, upande wa kaskazini, huweza kukaa hata miezi saba. Tarehe 28 Januari 1999, katika kijiji cha Pokka huko Kittilä, kipimo cha baridi kilishuka hata digrii 51.5 chini ya sifuri. Na kule Utsjoki, mwisho wa nchi, jua likitua mwishoni mwa Novemba halichomozi tena mpaka katikati ya Januari.

Basi watu hukaa ndani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Uchafu wa majira ya baridi hautoki nje. Huzaliwa nyumbani mwenyewe akiwa ameketi: moshi, majivu, jasho, pumzi za watu na mvuke wa vyungu.

Zamani, hasa upande wa mashariki, wakulima walikaa katika nyumba za magogo zisizo na dohani. Jiko kubwa la mawe liliwashwa, moshi ukapanda na kutanda juu kama wingu, kisha ukatoka polepole kwa tundu. Aliyesimama wima alikohoa. Aliyeketi aliona vizuri. Kuta zilikuwa za rangi mbili, juu nyeusi kwa masizi na chini rangi ya mti wenyewe. Krismasi ilipokaribia kuta hizo zilisuguliwa, na mabua makavu ya nafaka yakatandazwa sakafuni. Nyumba za namna hiyo zilikuwa zikikaliwa hata katika karne ya 19.

Dohani ilipoingia, moshi uliondoka, lakini watu wakapata adui mwingine asiyeonekana. Ili kulinda joto, mama wa nyumba alitia fremu ya pili ya kioo katika kila dirisha kabla ya kipupwe, akaweka pamba baina ya vioo viwili ili inyonye unyevu, na nyufa zote akazibandika karatasi. Kuni hazikupotea bure, ni kweli, lakini dirisha namna hiyo halikufunguka mpaka theluji iyeyuke. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa walivuta hewa ile ile usiku na mchana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua watu wengi zaidi nchini humo, na ugonjwa huo hupenda chumba chenye watu wengi na hewa iliyofungwa.

Mwaka 1899 kilianzishwa chama cha wanawake kiitwacho Martta, kwa jina la yule Martha wa Biblia aliyeshughulika na kazi za nyumba. Wanachama wake walikwenda vijijini kufundisha mapishi, bustani na usafi. Kumshawishi mtu apige deki si kazi ngumu. Kumshawishi afungue dirisha wakati maji yanaganda ndooni, hilo lataka subira.

Lakini sababu yake ni nzuri. Hewa ya baridi kali huchukua unyevu kidogo sana. Ikiingia ndani na kupashwa moto huwa kavu. Hewa ya chumba kilichofungwa, kinyume chake, imejaa mvuke, na mvuke huo ukigusa pembe ya ukuta iliyo baridi hugeuka maji, na maji huleta kuvu. Basi madirisha hufunguliwa wazi kabisa kwa dakika chache, kisha hufungwa. Hewa yote hubadilika, lakini jiko na kuta hubaki na joto lake. Anayeacha ufa mdogo wazi kutwa nzima ndiye anayepoteza kuni.

Kwa njia hiyo baridi yenyewe imefanywa mtumishi. Mablanketi na mito huning'inizwa nje, maana utitiri wa vumbi haustahimili ukavu wala baridi ya muda mrefu. Mazulia ya matambara, yaliyofumwa kwa nguo kuukuu zilizochanwa, hulazwa kifudifudi juu ya theluji kavu na kupigwa kwa kipigio. Likiinuliwa zulia, mahali pake hubaki alama ya kijivu. Husogezwa penye theluji safi na kupigwa tena, mpaka alama isionekane. Kazi hiyo haifai siku theluji ilipo majimaji.

Nguo zilikuwa na habari nyingine. Kabla ya mashine, zilichemshwa kwa maji ya majivu ya mti wa betula, kisha zikapelekwa ziwani kusuuzwa katika tundu lililokatwa kwenye barafu. Mwanamke alichukua na chombo cha maji ya moto, si kwa ajili ya nguo, bali achovye mikono yake kila ilipokufa ganzi. Baadaye nguo zilianikwa zikakauka zikiwa zimeganda kama mbao, kwa kuwa barafu nayo hupotelea hewani bila kuwa maji kwanza.

Miili ilioshwa sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto. Kila Jumamosi jamaa nzima waliingia humo. Katika mashamba mengi hapakuwa na mahali safi kupita hapo, hata wanawake walijifungulia humo, na maiti waliogeshwa humo. Sauna zingaliko mpaka leo karibu kila nyumba, na mwaka 2020 UNESCO iliandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Siku hizi vioo ni vitatu na nguo hufuliwa kwa mashine, lakini viatu vingali vikivuliwa mlangoni. Mgeni wa heshima naye husimama kwa soksi, na ole wake iliyotoboka! Changarawe inayomwagwa barabarani ili watu wasiteleze hung'ang'ania nyayo, na mwezi Aprili theluji inapokwisha hugeuka vumbi linalofunika mji. Hapo madirisha huoshwa, na mazulia husuguliwa kwa brashi na sabuni ya msonobari. Zamani yote yalisuguliwa kandokando ya ziwa au bahari. Sasa miji kadhaa imejenga mahali pa nchi kavu penye mifereji, ili povu lisiingie majini. Mazulia hutundikwa juu ya miti siku nzima, yakichuruzika, na jirani hupita akitazama la nani limetakata.