Dakika Alizolipia Mteja

Buffalo, New York

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako anauliza kama watoto wameshapata makoti mazito, maana theluji ya ziwa haikawii.

Nimefurahi mno kusikia kwamba mkataba wa ile sehemu ya kuoshea magari huko Erie umeshatiwa saini. Umeniambia mashine za kufyonza vumbi ulizozikuta pale bado zina nguvu, ila taima zake ni mbovu, na umeniuliza ipi ya bei nafuu. Bei isiwe swali lako la kwanza. Jiulize kwanza taima ni kitu gani mbele ya mteja.

Mtu akitumbukiza sarafu zake, amelipa kabla ya kupata chochote. Hapo hapana keshia wa kumlalamikia, na huenda wewe mwenyewe uko nyumbani umelala. Taima ndiyo mizani yako, na kupunja dakika ni kama kupunja kilo. Hata wakaguzi wa hapa Marekani wanaliona hivyo: mwongozo wa vipimo wa NIST, taasisi ya viwango ya taifa, ule uitwao Handbook 44, una sehemu nzima juu ya vyombo vya kupima muda, ikitaja maegesho, kukausha nguo na kuosha magari.

Kuna watakaokushauri upunguze sekunde kidogo kidogo ili sarafu ziongezeke. Usiwasikilize. Chukua kalamu upige hesabu. Mashine yenye mota mbili inayotumia kilowati 2 hivi, kwa dakika moja inakula uniti 0.033 za umeme. Uniti moja ikiwa senti 20, dakika hiyo imekugharimu chini ya senti moja. Kumpa mteja dakika nne badala ya tatu kwa dola yake hakukufilisi. Kinachokula pesa ni brashi za kaboni zinazolika ndani ya mota, mifuko na vichujio vilivyojaa, na mteja aliyeondoka na hasira asirudi tena. Baba mwenye watoto watatu, gari limejaa chumvi ya barabarani na makombo ya biskuti, anahitaji muda wa kufikia mazulia yote manne bila kukimbizana na mashine. Mpe muda huo.

Sasa tuje kwenye kifaa. Usinunue taima peke yake ukaacha kipokea sarafu cha zamani bila kukikagua, kwa sababu hivyo viwili hufanya kazi pamoja. Kipokea sarafu kinaitambua sarafu, kisha kinatuma mdundo mmoja wa umeme. Taima inauhesabu na kuongeza sekunde. Mdundo ukiwa mfupi kuliko taima inavyotaka, sarafu inaingia kisandukuni na muda hauongezeki. Mteja atasema ameibiwa, na atakuwa amesema kweli. Kabla ya kununua, soma vijitabu vya vyote viwili uone kama vinaelewana, na kama vyote vinatumia volti 24 kama ilivyo kawaida ya mitambo hii.

Sisi wa mpakani tuna jambo letu jingine: sarafu za Kanada. Senti 25 ya Marekani ina upana wa milimita 24.26 na uzito wa gramu 5.67. Ya Kanada ina milimita 23.88, na zile zilizotolewa tangu mwaka 2000 ni za chuma kilichopakwa nikeli, gramu 4.4. Kwa jicho la haraka zinafanana. Kipokea cha kielektroniki kinachopima ukubwa na aina ya madini kitaitema ya Kanada, na vipande vya bati vya wahuni pia. Picha kwenye sarafu zisikutie wasiwasi: tangu 1999 senti 25 imebadilishwa sura mara nyingi sana, lakini kipimo na madini ni yale yale. Kuna aina ya kipokea sarafu ambayo unaweka ndani yake sarafu moja ya mfano, nayo inalinganisha kila inayoingia na ile. Ni nzuri, mradi uweke sarafu safi isiyochakaa.

Baridi na chumvi ndio maadui wakubwa, na hapa usibane mkono. Maji yanayodondoka kwenye magari wakati wa baridi yana chumvi, na chumvi inakula shaba ya nyaya na bodi za elektroniki. Chagua taima ambayo bodi yake imemiminiwa resini, ikae ndani ya kisanduku cha chuma kisichoshika kutu, chenye alama ya NEMA 4X. Nyaya ziingie kwa chini, zikiwa zimening'inia kidogo kabla ya tundu, ili maji yafuate waya na kudondoka nje. Tundu la sarafu huganda barafu asubuhi. Wapo wanaofunga hita ndogo nyuma ya mlango wa sarafu, nami nakuhimiza ufanye hivyo. Skrini nayo iwe ya tarakimu kubwa zenye mwanga, zinazosomeka hata jua likiakisi kwenye theluji. Mteja aone sekunde zake zikihesabiwa.

Kuhusu ufungaji, mwanangu, nakusihi. Usifunge mwenyewe, na usimwite rafiki anayejua umeme kidogo. Chukua fundi mwenye leseni, na kibali cha manispaa. Pale pana maji, pana volti 120, na watu wameshika bomba mkononi. Lazima saketi ilindwe kwa kifaa kinachokata umeme mara unapovujia ardhini, na breka ifungwe kwa kifuli wakati wowote mtu ana mikono ndani ya kisanduku. Mwambie fundi umeme wa mota usipite kwenye taima yenyewe. Mota ikiwaka huvuta ghafla umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa kwenye kibati chake, na relei ndogo ya taima itaungua miguso mapema. Taima itoe volti 24 kwenda kwenye kontakta, na kontakta ndiyo iwashe mota. Kontakta ikichakaa utabadilisha kitu cha bei ndogo, na taima yako itabaki salama.

Mipangilio ni rahisi: vijiswichi vidogo au vibonyezo vya kuchagua idadi ya sarafu za kuanzia na sekunde za kila sarafu. Anza na sarafu nne, kila moja sekunde 60, na kila sarafu ya nyongeza impe sekunde hizo hizo. Washa king'ora cha dakika ya mwisho. Bei na muda viandikwe kwa herufi kubwa juu ya tundu, pamoja na nambari yako ya simu, na atakayepiga kusema kapoteza dola, mrudishie bila ubishi.

Ukitaka baadaye kuongeza kadi, hakikisha leo taima ina nafasi ya kupokea midundo kutoka kwa kisoma kadi. Taima nzuri pia huhesabu sarafu zote zilizopita. Linganisha hesabu hiyo na zilizomo kisandukuni kila unapofungua. Zikipishana, tafuta sababu siku hiyo hiyo kabla hujamshuku mtu.

Usifunge zote kwa siku moja. Funga mbili kwanza, uziache zipitie Januari, ndipo uagize zilizobaki. Na kabla fundi hajaondoka, weka sarafu nne, shika saa yako, uhesabu. Kisha weka moja moja kwa haraka kama afanyavyo mteja mwenye pupa, uone kama kuna iliyomezwa. Zima breka katikati ya muda na uiwashe tena, uone kama mashine inakumbuka. Majibu hayo niandikie, nami nitakwambia kama ulipie kazi ile au urudishe kifaa.

Mjomba wako anayekuombea heri