Nungu wa baharini sebuleni kwangu, na ushauri nilioutoa mapema mno

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta habari za mahindi, kuku wa kienyeji na bei ya ufuta, na leo nawaletea mdudu wa miiba kutoka baharini. Nivumilieni. Nina deni la maelezo kwa baadhi yenu, hasa mlionisikia mwaka juzi kwenye mkutano wa kijiji nikisema kwamba kufuga viumbe wa baharini kwenye tangi la kioo ni kazi ndogo yenye faida. Nilisema hivyo nikiwa na uzoefu wa miezi miwili tu.

Ninayemwita nungu wa baharini ni yule mviringo kama chungwa, miiba mwili mzima, anayewachoma wavua pweza na akina mama wa mwani maji yakitoka. Wewe wa pwani unamjua kwa jina la kwenu. Wewe wa bara mfikirie nungunungu mdogo asiye na kichwa, mdomo wake uko chini ya tumbo.

Tangi lilikuja bila kuombwa. Shemeji yangu alikuwa akiishi Tanga mjini, akapata kazi Muscat, akaniachia tangi la lita 200, pampu, taa, mawe yake na samaki wawili wadogo wa rangi ambao waliletwa kutoka nje. Kwenye mawe palikuwa na vipande viwili vya matumbawe hai. Nikajiambia: mimi ni afisa ugani, bahari iko hatua chache kutoka mlangoni, maji ya chumvi ni ya bure. Pana ugumu gani?

Wiki ya tano kioo na mawe vikafunikwa na utando wa kijani. Ukisugua asubuhi, jioni umerudi. Ndipo nikamkumbuka nungu, maana chakula chake kikubwa ni huo huo utando na mwani. Ana meno matano yaliyopangwa duara, yanayokwangua jiwe na kuendelea kukua kadiri yanavyolika. Nikamwomba jirani yangu mvuvi aniletee mmoja. Alicheka sana. "Bwana Samaki, huyu hafugwi, huyu anakanyagwa."

Aliniletea yule mweusi wa miiba mirefu. Mchana alijificha nyuma ya jiwe, usiku akatoka kula. Ukipitisha kivuli cha mkono juu yake, miiba yote inakugeukia, kama mtu anayekunyooshea mikuki. Watoto walilipenda jambo hilo, na siku ya nne mwanangu wa miaka saba akaingiza mkono kumjaribu. Miiba ile ni myembamba, ina sumu, na hukatikia ndani ya ngozi. Kidole kilivimba, vidoti vyeusi vikabaki, na mama yake hakunisemesha mpaka kesho yake.

Hapa niseme jambo la kukusaidia hata kama hutafuga chochote. Ukichomwa na nungu, usichimbe mwiba kwa sindano, utauvunja vipande. Toa kwa kibano ule unaoonekana wazi, kisha loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Maumivu hupungua. Safisha kwa sabuni. Mwiba ukiingia karibu na kiungo, au uvimbe na homa vikiendelea, nenda kituo cha afya.

Yule mweusi nilimrudisha baharini asubuhi yake, kitu ambacho leo nisingefanya. Alikuwa amekaa maji mamoja na samaki wa nje, na magonjwa husafiri hivyo hivyo. Kuku wa mnadani humrudishi bandani kwako bila kumtenga.

Wa pili alikuwa wa miiba mifupi, mweupe mwenye michirizi ya zambarau, wale wanaokaa kwenye majani ya baharini. Huyu ni mpole, na ana tabia ya kuchekesha: hujibebesha vitu mgongoni. Gamba la kome, kipande cha jani, siku moja kizibo cha chupa. Jiwe dogo lenye tumbawe kama hukuliweka imara atalihamisha. Baada ya wiki mbili tangi lilikuwa safi, wageni wakaja kutazama. Hiyo ndiyo ile miezi miwili ya sifa, na ndani yake ndipo nilipotoa ule ushauri.

Kisha akafa, na nilimuua mimi.

Hebu fikiria sufuria ya maharage yaliyotiwa chumvi. Maji yakipungua jikoni, unaongeza maji matupu. Ukiongeza maji yenye chumvi kila mara, mwisho maharage hayaliki. Mimi kila siku tangi lilipopungua kwa joto niliongeza ndoo ya maji ya bahari. Maji hupaa, chumvi inabaki. Bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na tangi langu lilikuwa limepita hapo kwa mbali. Samaki huweza kujitetea kwa kiasi. Nungu hawezi, kwa sababu mwili wake umejaa mirija ya maji, na viguu vyake laini anavyotembelea husukumwa na maji hayo. Maji ya nje yakiharibika, ya ndani yameharibika.

Dalili zilikuwepo, sikuzisoma. Miiba ilianza kulala badala ya kusimama, kisha ikadondoka mmoja mmoja. Nikadhani anabadilisha miiba kama kuku anavyobadilisha manyoya! Usiku mmoja alikufa, asubuhi nyumba nzima inanuka, maji yamekuwa kama maziwa. Nungu akifa huoza haraka na kuchafua maji yote. Samaki mmoja akaenda naye.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Nimebandika utepe kwenye kioo kuonyesha kina cha maji, yakishuka naongeza maji baridi yasiyo na chumvi, niliyoyakinga ya mvua moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki. Yasiwe yaliyopita kwenye bati, maana zinki humdhuru. Shaba ni mbaya zaidi. Wale mnaopulizia mrututu mashambani mnajua unavyoua ukungu. Ni shaba ile, na kiasi kidogo tu kinatosha kummaliza nungu. Dawa nyingi za samaki wa mapambo zina shaba pia. Usiingize mkono kwenye tangi ukitoka kupulizia, hata kama umenawa.

Chakula nacho ni somo. Utando ukiisha, nungu anabaki na njaa na wewe unafurahia kioo safi. Ni sawa na ng'ombe wa kufungiwa ndani: majani ya uani yakiisha ni juu yako kwenda kumkatia. Mimi huchukua mwani kidogo kwa akina mama wanaolima, naufunga kwenye jiwe, anaumaliza kwa siku mbili tatu. Wao wanacheka, kwa sababu shambani kwao nungu na samaki aina ya tasi ndio wezi wao wakubwa.

Na hao wakulima wa mwani waliniuliza kwa nini tusiwamalize tu. Nikawaambia habari ya Karibi. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliua karibu nungu wote weusi wa huko, na sehemu nyingi mwani ukayafunika matumbawe yakashindwa kupumua. Kwetu tatizo huwa kinyume. Kikande, samaki yule wa ngozi ngumu, ndiye anayemla nungu. Kwenye miamba ya Kenya ilikovuliwa kupita kiasi, watafiti walikuta kikande wamepungua na nungu wamejaa wanakwangua mwamba. Ukitaka nungu wapungue shambani kwako, anza kwa kumwacha kikande mdogo aliyeingia demani.

Sasa deni lenyewe. Baada ya ule mkutano kijana mmoja mwenye duka alinifuata. "Shikamoo Bwana Samaki, mimi nimekusikia." Nikampa hesabu nzuri ya mdomoni: hoteli zina matangi, zitanunua nungu na konokono wa kusafisha. Akauza beberu, akakopa laki mbili kwenye kikoba, fundi vioo akamtengenezea tangi. Alitia maji leo, viumbe kesho. Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa lijenge bakteria wa kula uchafu, kama samadi inavyohitaji kuiva kabla ya kuiweka kwenye mche. Sikumwambia, kwa sababu langu lilikuja limeiva na mimi sikujua. Kisha umeme ukakatika usiku kucha, pampu ikasimama. Asubuhi hapakuwa na kilicho hai. Hoteli moja aliyokwenda ilimwomba kibali, hana, na nilikuwa sijamwambia kwamba kukusanya viumbe hai wa baharini kwa biashara kunaanzia ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia, "Baba, nyinyi serikali mkisema, sisi tunafuata." Sikupata la kujibu. Nililipa marejesho ya miezi miwili ya kikoba kutoka mfukoni mwangu. Beberu sikuweza kumlipa.

Ndiyo maana mkiniuliza leo kama kuna biashara ya nungu wa tangi, nasema huku kwetu sijaiona. Kama unataka kufuga kwa kujifunza na kufurahia, mmoja anatosha kwa tangi kama langu. Kwanza uwe na namna ya kusukuma hewa umeme ukikatika, tangi liwe limekaa na kuiva, na uliza kibali kwanza. Matumbawe hai usiyaguse kabisa huko baharini. Ukimleta nungu, mwache ndani ya maji muda wote, kisha mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira uliofungwa fundo, saa moja au zaidi, kama umwagiliaji wa matone.

Wa tatu nilimleta hivyo, na ana mwaka na nusu sasa. Juzi nilimkuta amejibebesha kifuniko cha kalamu yangu.

Yule kijana naye yupo, duka linakwenda. Tangi lake la kioo amelilaza juu ya kaunta, ndani ameweka maandazi.