Siku niliyochemka kwa ajili ya siki

Najua nimepotea. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, nimerudi chuo juzi, na kabla bumu halijaisha ngoja niwape hii.

Kidato cha tatu, kipindi cha pili, supavaiza kakaa dawati la nyuma na fomu yake. Mada ni elektrolaiti. Nilikuwa na vijiti viwili vya kaboni nilivyovichomoa kwenye betri zilizokufa, nyaya, na kitaa cha tochi. Kwenye asidi ya haidrokloriki kitaa kikawaka safi. Kwenye asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, kikafifia mpaka usogee ndo ukione. Zote nimeandika ubaoni: moli 0.1 kwa lita.

"Hii ni asidi dhaifu," nikasema. Kijana mmoja akauliza, dhaifu maana yake nini? Nikajibu fasta: ina maji mengi.

Akatazama ubaoni. "Sasa mwalimu, si zote ni 0.1?"

Aisee! Nikasema tutaendelea kesho.

Usiku sikulala. Maswali ya Ka nayakokotoa tangu kidato cha sita, kumbe dhaifu na iliyozimuliwa nilikuwa navichanganya.

Kesho yake nikaanza kwa kukiri kuwa nimewadanganya. Nikawaita mbele wawili wawili, wameshikana mikono (kelele zake, we acha tu). Haidrokloriki ikiingia majini karibu wote wanaachana, na hao walioachana, yaani ayoni, ndio wanaobeba umeme. Ethanoiki wanaoachana ni kama 13 tu kwa kila 1000. Na hawatulii: huku wanaachana, kule wengine wanashikana tena, kwa kasi ileile. Huo ndo msawazo. Ndiyo maana pH ya ile ya kwanza ni 1, ya pili ni kama 2.9. Cha ajabu, ukiongeza maji kwenye siki, sehemu inayoachana inakua, ingawa ukali unapungua.

Yule kijana akanyoosha mkono tena. Moyo paa! "Na maji matupu je, mwalimu?" Nayo yanaachana, nikamwambia, kidogo mno, ndo maana kitaa hakiwaki. Akaandika.

Supavaiza siku hiyo hakuwepo. Fomu yake ni ya ile siku ya kwanza.